Emu Ndogo

Yule mama hakusoma cheti chote. Alipitisha macho juu ya majina, akaruka muhuri, akafika kwenye mstari wa mfupa na kukwama hapo. Mbele ya jina la mwanawe paliandikwa MM. Mbele ya jina la binti aliyemchumbia paliandikwa Mm.

“Twende zetu,” alimwambia mwanawe.

“Mama, mimi ni kubwa zote mbili. Watoto wetu hawatadhurika. Tumefundishwa hayo shuleni.”

“Nimesema twende. Siingizi emu ndogo nyumbani kwangu.”

Kijana alimtazama mchumba wake, akamtazama mama yake, kisha akafuata njia ya mama. Binti alibaki katikati ya ukumbi wa Kituo cha Nasaba, ameshika kanga aliyokuwa ameletewa zawadi asubuhi ile ile, hajui aiache au aende nayo.

Mghoi Nyambu aliyaona yote kupitia kioo cha chumba cha mashine. Aligeuza uso. Alikuwa ameyaona mara nyingi, na mara ya kwanza kabisa, binti aliyeachwa amesimama pale alikuwa yeye mwenyewe. Mwanamume yule alishaoa zamani, ana wajukuu sasa, na wakikutana njiani humwamkia Mghoi kwa heshima kana kwamba hawakuwahi kupanga majina ya watoto pamoja.

Katika Makazi ya Vuria, kwenye sayari ya Mirihi, mwili ni mwepesi. Mama mjamzito hubeba gunia la viazi kwa mkono mmoja, na mtoto akiruka hukawia kutua. Wepesi huo ndio unaokula mifupa. Waanzilishi waliotoka vilima vya Taita walilijua hilo kabla ya kupanda chombo, wakakubali kutiwa katika damu mbegu ya kuimarisha mfupa, wairithishe kizazi hata kizazi. Kwa wengi mbegu ilishika pande zote mbili, ule wa baba na ule wa mama. Kwa wachache ilishika upande mmoja tu. Wataalamu waliandika M kubwa kwa iliyoshika na m ndogo kwa iliyokosa. Mwenye Mm huishi kama watu wengine, hufanya kazi na kuzeeka. Lakini Mm wawili wakizaa, kwa kukadiria mtoto mmoja kati ya wanne hurithi emu ndogo kwa baba na kwa mama, na huyo mifupa yake hulainika kabla hajajua kusimama.

Sheria ilikataza jambo moja tu, yaani Mm kuoana na Mm. Hofu ya watu ilivuka sheria. Kila cheti cha ndoa kilichapwa herufi hizo wazi, kila mkwe alizisoma, na baada ya miaka kadhaa “emu ndogo” likawa tusi la kurushiana sokoni.

Siku ile ile Mghoi alimfuata mkuu wa Kituo, Bwana Mwandoe, ofisini kwake.

“Mzee, kwa nini tusichape neno moja tu? Wanafaa, au hawafai. Herufi zibaki humu ndani.”

Mwandoe alikuwa mtu mpole, aliyezoea kusikiliza hadi mwisho ndipo akatae. “Tukificha herufi, watasema tunauza vyeti. Watu wanataka kuona kwa macho yao, dada Mghoi.”

“Wakiona, wanatumiaje walichokiona?”

“Hilo si la Kituo.”

*

Programu ya Kituo ilikuwa imeandikwa kwa Lisp, lugha ya mashine iliyokuwa na umri mkubwa kuliko makazi yenyewe. Waanzilishi waliichagua kwa sababu fundi aliweza kuifungua na kuitengeneza huku inaendelea na kazi, na huku Mirihi hakuna aliyetaka kuzima mashine yoyote bila uhakika kwamba itawaka tena. Mghoi aliifahamu kama mtu anavyoifahamu nyumba aliyozaliwa. Katika lugha hiyo, kitu chenye jina huitwa alama. Alama hukaa kumbukumbuni jinsi ilivyo, lakini inapotoka kwenda kuchapwa huvishwa herufi, na ipo swichi ya kuamua ivishwe zipi. Ikiwekwa kwenye “ilivyo,” Mm hutoka Mm. Ikiwekwa kwenye “ndogo,” kila kitu hutoka kwa herufi ndogo. Ikiwekwa kwenye “kubwa,” Mm hutoka MM, na anayesoma hana njia ya kujua. Kumbukumbu yenyewe haiguswi. Kinachobadilika ni karatasi.

Swichi ile ilikuwa neno moja tu katika mstari mmoja, na tangu waanzilishi hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuligusa. Mghoi aliligusa asubuhi moja, akaweka “kubwa,” mtambo wa kuchapa ulipokuwa ukisafishwa, akarudi kwenye kiti chake na kunywa uji wake hadi ukaisha.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa amepanga. Kila jozi ya wachumba iliyoomba cheti aliitazama mwenyewe kumbukumbuni, na alipokuta Mm na Mm aliwaita pembeni, mbali na wazazi, akawaambia ukweli. Wa kwanza walikuwa wakulima wawili wa ukumbi wa mboga. Mwanamume alilia. Mwanamke aliuliza maswali, mengi na ya maana, kisha wakaenda kukaa na jambo lao. Mwishowe walioana, wakachukua mtoto yatima, na hawakuzaa. Wengine waliachana kimya kimya, kila mmoja akatoa sababu yake kwa watu. Hakuna aliyemtaja Mghoi, kwa kuwa siri ile iliwasitiri wao pia.

Na mambo yalitengenea. Wasichana waliokuwa wamekata tamaa waliolewa. Tusi likakosa wa kutukanwa, likachakaa, hata watoto wakawa hawajui maana yake. Bwana Mwandoe alisimama mbele ya baraza akasema kwa furaha kwamba damu ya Vuria imetakata, kwamba emu ndogo inazidi kupotea kizazi kwa kizazi. Mghoi alipiga makofi pamoja na wenzake. Kwa kuwa hapakuwa tena na watoto wa mifupa laini, baraza lilifunga wodi yao. Vitanda vya maji, vile vya kuwalaza majini bila kuwaumiza, vilikunjwa na kutiwa ghalani, na chumba kikajazwa mbegu za viazi.

Hilo la wodi lilimsumbua kidogo. Alijiambia kwamba yeye yupo, anatazama kila jozi, na akiwapo yeye wodi haihitajiki.

*

Wawuda alikuwa binti wa mdogo wake marehemu, Mkiwa. Mghoi alimlea tangu angali mchanga, na ingawa Wawuda alimwita mama mkubwa kama desturi inavyotaka, hapakuwa na mama mwingine aliyemjua. Alikua msichana mcheshi mwenye maneno mengi, akawa mwalimu wa watoto wadogo, akampenda fundi wa vioo vya kuba la makazi aitwaye Righa, kijana mtulivu ambaye siku nzima huning'inia kwa kamba akiziba nyufa.

Ombi lao liliingia Kituoni kama mengine. Mghoi alifungua kumbukumbu bila wasiwasi, maana herufi za Wawuda alizijua siku zote, Mm, na kuhusu upande wa Righa hakuwahi kusikia lolote. Alisoma. Akafunga, akafungua tena, kana kwamba mashine ingeona haya na kubadili jibu.

Mm na Mm.

Alimwita Wawuda nyumbani, akapika mchicha kwa karanga anaoupenda. Walikula. Wawuda alieleza jinsi Righa alivyoomba ruhusa ya kumpandisha hadi juu kabisa ya kuba, ili amwonyeshe jua linavyochomoza bila vumbi mbele yake, na jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa huko juu asiseme.

“Wawuda, mwanangu,” Mghoi alisema. “Kuna jambo nimekuitia.”

Wawuda aliweka kijiko chini. “Usiniambie hujampenda, mama mkubwa. Kila mtu nimemjibu. Wewe sitajua nikujibu nini.”

Maneno yalikuwa tayari. Alikwisha kuyasema kwa watu wengine wengi, yamelainika kinywani kwa kusemwa. Alimtazama binti yule, na macho yake yalikuwa ya Mkiwa kabisa.

“Nilitaka kukuambia kwamba mama yako angefurahi,” alisema.

Wawuda alimkumbatia juu ya sahani. Watatu kati ya wanne, Mghoi alijiambia huku ameshikwa hivyo. Watatu kati ya wanne huwa wazima. Nitamwambia baada ya harusi, watakapokuwa wametulia.

Baada ya harusi alisema waache kwanza wafurahie nyumba yao. Nyumba ilipozoeleka, Wawuda alikuja mbio kumwambia kwamba ana mimba.

*

Mtoto alizaliwa wa kike, wakamwita Mkiwa kwa jina la bibi yake. Alikuwa mnene, mwenye kucheka na kila mtu. Wenzake walipoanza kujishikiza kwenye viti, yeye alikaa. Walipoanza kutembea, yeye alilala, na akinyanyuliwa kwapani alilia kilio ambacho Wawuda hakukijua. Daktari alimpiga picha, akakaa nayo muda mrefu, kisha akawaita wakubwa wake waje kuitazama, kwa kuwa madaktari vijana wa siku hizi hawakuwahi kuona mfupa wa namna ile.

Wawuda alifika Kituoni na cheti chake.

“Mama mkubwa, wanasema ni mfupa. Nimewaonyesha hiki. Mimi kubwa zote, Righa kubwa zote. Emu ndogo itoke wapi?” Hakuwa analia. Alionekana mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. “Daktari anasema haiwezekani, labda damu zilichanganywa siku ya kupimwa. Labda hiki si cheti changu.”

Mghoi alikishika kile cheti. Kilitoka kwenye mtambo wake, kwa herufi alizozivisha yeye.

“Nitatazama,” alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida.

Kabla hajatazama chochote, baraza lilikwisha kumwita Kilambo. Huyu ndiye aliyekuwa mpima damu wa Kituo, mwanamume wa makamo, mkimya, anayewapulizia watoto kidoleni kabla ya kuwachoma. Saini yake ilikuwa kwenye vipimo vya Wawuda na vya Righa. Aliulizwa kama aliwahi kuchanganya damu za watu, akasema hapana. Akaulizwa kama ana hakika, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu alifikiri kidogo, akajibu kwamba binadamu hawezi kuwa na hakika ya kila kitu alichowahi kufanya. Jibu hilo ndilo lililommaliza. Watu walianza kuvuka njia wasikutane naye, na mkewe akaacha kwenda kisimani.

Viazi vilitolewa wodini. Kitanda kimoja cha maji kiliposhushwa kutoka ghalani kilikutwa kimepasuka, na Righa, aliyezoea kuziba nyufa, alikaa sakafuni akakiziba kwa mikono yake.

*

Mghoi alianza na lile lililokuwa jepesi, akaenda kwa Bwana Mwandoe. Alimweleza swichi, mwaka alioibadilisha, jozi alizoziita na jozi moja ambayo hakuiita. Mwandoe alisikiliza hadi mwisho kama kawaida yake, ila safari hii alizeeka akisikiliza.

“Nilisimama mbele ya watu nikasema damu imetakata,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Na wewe ukapiga makofi.”

Mwandoe aliinuka akafunga mlango uliokuwa wazi.

“Sikiliza. Nikirudisha herufi leo, nyumba ngapi zitatikisika? Kuna wanawake walioolewa kwa cheti chako. Kuna wakwe watakaotaka warudishwe kwao. Wana watoto sasa, wazima, watakaoitwa emu ndogo shuleni.” Aliketi tena. “Kilambo amebakiza muda mfupi astaafu. Tumpumzishe kwa heshima, tuseme palitokea kosa la vipimo. Wewe utaendelea na ile kazi ya kuwaita watu, na safari hii nitahakikisha hakuna anayerukwa.”

“Na Wawuda?”

“Wawuda atakuwa na wa kumlaumu. Kwa mtu aliye na mtoto mgonjwa hilo si dogo.”

Mghoi alitafuta uovu katika maneno yale asiuone. Mwandoe alikuwa akizihesabu nyumba zile zile ambazo yeye mwenyewe alizihesabu siku alipoigusa swichi. Tofauti ilikuwa kwamba siku ile hakumwona aliyepaswa kulipa, na leo alikuwa na jina, na alikuwa amekaa nyumbani na mke asiyekwenda kisimani.

“Kilambo hakukosea kipimo hata kimoja,” alisema. “Kumbukumbuni yote yako sawa, aliyaandika kama yalivyo. Mimi ndiye niliyeyavisha.”

“Fikiri hadi kesho.”

“Nikifikiri hadi kesho nitakubaliana nawe, mzee.”

Alirudi chumba cha mashine akarudisha lile neno mahali pake. Kisha akachapa cheti cha Wawuda na Righa kama kilivyopaswa kuwa, kikatoka kingali na joto, akaenda nacho wodini.

*

Wawuda alikuwa ameketi kando ya kitanda, mkono mmoja majini, akimtikisa mtoto taratibu. Chumba kilikuwa bado kinanuka viazi. Mghoi hakutafuta mahali pa kuanzia. Alimpa karatasi.

Wawuda alisoma. “Hii ni ya nani?”

“Yenu. Ndiyo ya kweli.”

Akamweleza. Alipofika kwenye wale wakulima wa ukumbi wa mboga Wawuda aliinua uso, na kutoka hapo hakuuteremsha.

“Uliwaita,” alisema.

“Niliwaita.”

“Wote?”

“Wote, mwanangu.”

“Mimi uliniita ukanipikia mchicha.”

Mtoto alijinyoosha akagusa maji kwa kidole, akashangaa yanavyotikisika. Mghoi alianza kusema kwamba alikusudia, kwamba alikuwa akingoja wakati mzuri, kwamba ni mmoja kati ya wanne. Alipojisikia akisema hilo la mwisho, aliacha.

“Ungemkataa Righa?” aliuliza badala yake, na akajua pale pale kwamba anauliza kwa ajili yake mwenyewe, atafute pa kujishikiza.

Wawuda alifikiri. Alilifikiria swali kwa uaminifu, kama ambavyo angelifikiria siku ile juu ya chakula, kama angeulizwa.

“Sijui,” alisema. “Hukuniachia nijue.”

Kisha akautoa mkono wake majini akaukausha kwa kanga. “Mshike kichwa, kisizame. Nakwenda kumwambia baba yake, asisikie kwa watu.”

Alikaa huko muda mrefu. Kupitia ukuta Mghoi alisikia sauti ya Wawuda, kisha ya Righa, kisha hakusikia kitu. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikaa na kichwa cha mtoto kiganjani, kizito kuliko alivyotarajia, na Mkiwa alimtazama akicheka kwa kuwa alimpenda na hakujua lolote.

*

Jina la Kilambo lilisafishwa mbele ya baraza. Alipewa mkono na kila mjumbe, na alipomfikia Mghoi naye akampa mkono, lakini hakurudi kazini. Alisema mikono yake imeanza kutetemeka akishika sindano.

Vyeti vilichapwa upya kwa herufi zake halisi. Watu walipanga foleni ukumbini, na wengi waliosoma walikunja karatasi wakaenda nyumbani wakaendelea na maisha yao. Wengine hawakuweza. Mama mmoja mwenye watoto wanne wazima alirudishwa kwa kaka yake. Shuleni tusi lilirudi likiwa na nguvu mpya, maana sasa mwenye emu ndogo alihesabiwa pia kuwa laghai. Baraza lilijadili ombi la zamani la Mghoi, la kuchapa neno moja tu, wanafaa au hawafai. Lilipigiwa kura likaanguka. Hakuna aliyekuwa tayari tena kuamini karatasi isiyoonyesha kila kitu, na Mghoi alijua nani aliyewafundisha hivyo. Kazi ya mashine alipewa mtu mwingine. Yeye alipelekwa ghala la viazi.

Kila alasiri, akitoka ghalani, alinawa mikono akaenda wodini. Siku za mwanzo Wawuda alitoka chumbani alipomwona anaingia. Baadaye akawa anabaki, akimpa mgongo, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Walizungumza ya mtoto tu. Maji yamepoa. Amekula nusu. Mgeuze kwa kushoto, kulia kunamuuma. Mghoi aligeuza. Alijifunza kumwinua Mkiwa kwa viganja viwili bapa, kama anayebeba unga, asimkamate popote.

Siku moja alijaribu kusema neno la msamaha, akafika katikati. Wawuda hakugeuka.

“Usiniombe hilo hapa mbele yake,” alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. “Siku nikiwa nalo nitakupa. Kwa sasa sina.”

Mghoi akaendelea kumkanda mtoto nyayo kama daktari alivyoelekeza, nyayo laini ambazo hazijawahi kukanyaga chini. Wawuda alimaliza madaftari, akayapanga, akavaa viatu. Mlangoni alisimama.

“Kesho Righa yuko juu kwenye vioo na mimi nina kikao cha wazazi,” alisema akiuangalia mlango. “Uje mapema.”

“Nitakuja.”

“Na umletee ule uji wako. Wa huku anautema.”

Akatoka. Mghoi aliyapima maji kwa kiwiko, akaona yameanza kupoa, akaenda kutafuta ya moto.